Niletee Sauti Moja: Kupanga Modela ya Gitaa kwa Ajili ya Misa



Wiki iliyopita kijana mmoja wa kwaya ya parokia jirani alinitumia ujumbe: "Kaka, nimepata modela ya gitaa. Nimepakua sauti zaidi ya mia mbili na nyumbani zinalia vizuri mno. Nikifika kanisani ni kelele tupu, mwalimu wa kwaya kazi yake ni kuniambia punguza, punguza. Nakosea wapi?" Nilicheka peke yangu kwenye daladala, maana kosa hilo nalijua. Nililifanya miaka miwili mfululizo. Nimeona nimjibu hapa, ili na wengine mnaopiga gitaa kwenye kwaya, kwenye Karismatiki au kwenye makongamano ya vijana mpate pa kuanzia.

Kwa wasioifahamu: modela ni mashine ya kukanyaga kwa mguu, na ndani yake kuna kompyuta inayoigiza amplifaya za gitaa, maboksi ya spika na pedali za kila aina. Badala ya kubeba amplifaya ya kilo ishirini na kitu kwenye bodaboda, unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili unatoa waya kwenda kwenye miksa ya kanisa, basi. Si teknolojia ya jana. Kampuni ya Line 6 ilitoa POD, ile nyekundu yenye umbo la haragwe, mwaka 1998, na leo ziko za kila bei. Mpangilio mmoja uliohifadhiwa ndani, yaani amplifaya gani, spika gani, mwangwi kiasi gani, huitwa priseti. Yangu ni Boss GT-1 niliyoinunua kwa mtu. Ina priseti 99 za kiwandani na nafasi nyingine 99 za kwako mwenyewe.

Tisini na tisa! Mtoto wa maskini akipewa ghala lenye vyumba tisini na tisa unadhani atafanya nini? Nilijaza vyote. Usiku nikivaa hedifoni nilikuwa natengeneza sauti hadi jogoo anawika. Sauti ya rumba, sauti ya roki, sauti ya kama uko pangoni, sauti ya kama uko mwezini.

Kisha ikaja Pentekoste.

Tulikuwa tumemaliza Komunyo. Wimbo wa shukrani ulikuwa wa taratibu, na sauti yake safi niliiweka namba 23. Mimi wakati huo nilikuwa namba 22. Ila namba 24 kulikuwa na dude moja nililolitengeneza usiku wa manane, nikaliita RADI. Nikakanyaga mara mbili badala ya mara moja. Mpigo wa kwanza wa wimbo wa shukrani ukatoka kama trekta linalowashwa ndani ya kanisa. Mtoto akaanza kulia. Bibi mmoja wa benchi la mbele akafanya ishara ya msalaba. Nikainama kutafuta namba, nikaipita, nikarudi, nikaipita tena, waimbaji wakaamua kuanza bila mimi. Paroko hakusema neno, na afadhali angesema.

Baada ya Misa mwalimu wa kwaya aliniita pembeni. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole: "Kijana wangu, gitaa lipumzike kwanza. Jumapili tatu." Nikasema sawa Mwalimu. Nilivyofika nyumbani nilitaka kuiuza ile mashine.

Katika wiki ya pili ya kupumzishwa, akafariki mama mmoja wa sauti ya pili. Ni huyu mama ambaye, siku ya kwanza nilipoleta gitaa mazoezini na wazee wakakunja uso, alisema, "Muacheni mtoto apige, Mungu anasikia na nyuzi." Watoto wake wakaomba kwaya iimbe wimbo alioupenda, na gitaa liwepo. Mwalimu akanipigia simu Jumatano mchana.

"Misa ni Ijumaa saa nne. Una sauti ngapi humo kwenye kidude chako?"

"Tisini na tisa, Mwalimu."

"Niletee moja."

Kila kitu ninachokueleza hapa kilianzia kwenye simu hiyo.

Sauti huchaguliwa pale itakaposikika

Jumatano jioni nilikwenda kanisani na mwenzangu mmoja wa kwaya, tukaomba ufunguo, tukawasha miksa. Nikapitisha priseti zangu moja baada ya nyingine kwenye spika za kanisa. Jamani, aibu. Zile nilizozipenda kuliko zote ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote: chini zinavuma kama lori, juu zinachoma masikio, katikati hakuna kitu.

Sababu yake inajulikana siku nyingi. Mwaka 1933 watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walichapisha vipimo vinavyoonyesha kwamba sikio la binadamu, sauti ikiwa ndogo, halisikii vizuri besi na sauti za juu sana. Kwa hiyo ukikaa chumbani usiku umepunguza volyumu ili usimwamshe mama, mkono wako utaongeza besi na kuongeza ukali ili gitaa lisikike limejaa. Ukienda kanisani ukafungua volyumu, sikio linaanza kuzisikia sawasawa zile besi na ule ukali uliozidisha. Ndiyo maana kijana wangu wa ujumbe anaambiwa "punguza". Sauti yake aliichagua kwa volyumu ya chumbani.

Halafu kuna mwangwi. Kwenye hedifoni hakuna chumba, kwa hiyo unajitengenezea cha kwako: unaongeza mwangwi mpaka ujisikie uko basilikani. Lakini kanisa letu lina kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa refu. Lenyewe ni mwangwi. Piga kofi moja kanisa likiwa tupu usikie linavyochukua muda kuisha. Ukiongeza mwangwi wa mashine juu ya mwangwi wa kanisa unapata uji. Jumatano ile nilizima mwangwi kabisa kwenye priseti niliyokuwa naijaribu, na gitaa likasikika kama limesogea hatua kumi mbele. Kumbuka tu kwamba kanisa tupu na kanisa lililojaa watu si kanisa moja. Miili na nguo za watu hunywa sauti. Jumamosi utasikia mwangwi mwingi kuliko wa Jumapili, kwa hiyo usiogope ukisikia bado upo.

Sasa besi. Uzi mnene wa gitaa ukipigwa bila kubanwa unatoa mtetemo wa hezi 82 hivi. Chini ya hapo gitaa la kawaida halina noti yoyote, ni mitetemo na vishindo vya mkono tu. Kuanzia hapo kushuka ni mahali pa gitaa la besi na mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Kwenye ikwalaiza ya priseti nilikata kila kitu chini ya hezi 100. Mpiga kinanda wetu, ambaye kwa kweli hatukuwa tunaelewana sana, aliniuliza Ijumaa kama nimebadilisha gitaa.

Jambo la maana zaidi ni katikati, na hapo alinisaidia mlinzi wa parokia.

Mwenzangu alisimama kwenye kipaza akaimba ubeti ambao mlinzi hakuwahi kuusikia, mimi nikapiga. Mlinzi tulimweka mlangoni, nyuma kabisa. Tulipomaliza nikamuuliza, "Mzee, ameimba nini?" Akajibu, "Gitaa nimelisikia vizuri." Yaani maneno hakuyapata hata moja. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho mwalimu alikuwa anakilalamikia muda wote. Kinachotofautisha "pata" na "paka" na "pasa" ni ile konsonanti ndogo ya katikati, na sehemu kubwa ya konsonanti hizo inasikika kwenye eneo la hezi 2000 hadi 4000 na zaidi. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nimepandisha gitaa ili "liwake". Nikapunguza eneo hilo kwa desibeli 4, nikashusha na volyumu kidogo, tukarudia kwa ubeti mwingine. Mlinzi akaurudia mstari mzima, akauliza na maana yake.

Kipimo hicho nakitumia hadi leo, na nakushauri ukitumie. Hakihitaji kifaa. Kinahitaji mtu mmoja mwenye subira asiyeujua wimbo, na umweke nyuma kabisa. Na wala si matakwa ya mwalimu wa kwaya tu: maagizo ya Kanisa juu ya muziki mtakatifu, Musicam Sacram ya mwaka 1967, namba 64, yanaagiza kwamba sauti ya vyombo isifunike sauti za waimbaji kiasi cha kufanya maneno yasieleweke, na kwamba vyombo vikae kimya padre anaposema kwa sauti sala iliyo sehemu yake. Niliisoma baadaye sana. Ningeisoma kabla ya Pentekoste ingenisaidia.

Solo ambayo haikupigwa

Kufikia usiku wa Jumatano nilikuwa na ile sauti moja: amplifaya safi, spika moja, korasi kidogo sana, mwangwi hakuna. Nikaiita SAFI.

Lakini Alhamisi usiku sikuweza kulala. Nilimfikiria yule mama. Nikaona haiwezekani azikwe hivi hivi na gitaa linasindikiza tu. Nikavaa hedifoni nikatengeneza sauti ya pili: dilei ya taratibu inayofuata mwendo wa wimbo, uchungu kidogo kwenye amplifaya, kompresa ya kufanya noti ikae muda mrefu. Nikapanga kwamba baada ya ubeti wa pili kwaya inyamaze, na mimi nipige peke yangu ule wimbo wake, noti kwa noti. Niliipa jina SOLO MAMA. Nakwambia ukweli, ni sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nilipiga nikalia.

Ijumaa asubuhi nikamweleza mwalimu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba kwenye Misa ya wafu vyombo havipigwi peke yake. Vinasindikiza kuimba tu. Ni namba 66 ya waraka ule ule. Katika Misa nyingine, namba 65 inaruhusu chombo kipigwe peke yake mwanzoni kabla padre hajafika altareni, wakati wa vipaji, wakati wa Komunyo na mwishoni. Kwenye Majilio, Kwaresima, siku tatu kuu za Pasaka na Misa za wafu, hapana.

Nilikasirika, sitaficha. Nikamwambia, "Lakini Mwalimu, yeye ndiye aliyesema niachwe nipige." Akasema, "Najua, mwanangu. Na leo tunamwombea. Wewe utapenda watu wakusikilize wewe, au wamwombee?" Kisha akaenda kugawa nakala za nyimbo, hata hakusubiri jibu.

Nikapiga na SAFI mwanzo hadi mwisho. Sikugusa mashine mara moja. Na kwa kuwa sikuwa na kitu cha kuangalia mguuni, kwa mara ya kwanza tangu ninunue modela niliiangalia Misa. Niliwaona watoto wake watatu wamekaa wameshikana mikono. Nililisikia neno "pumziko" likitoka kwa watu kanisa zima, na gitaa langu likiwa chini yake, dogo. Mwishoni mwalimu aliniuliza, "Ulikuwa unapiga?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Sawa. Jumapili njoo saa kumi na mbili na nusu tujaribu mitambo." Bado ilikuwa imebaki Jumapili moja ya adhabu. Hakuitaja tena.

Namna ninavyozipanga sasa

Nilifuta karibu zote. Kabla ya kufuta niliunganisha mashine na kompyuta kwa waya wa USB nikahifadhi nakala ya kila kitu, kwa hiyo hakuna kilichopotea. Na wewe ufanye hivyo hivyo kabla hujagusa chochote. Kisha nikajiuliza swali tofauti na lile la zamani. Zamani nilijiuliza mashine hii inaweza kutoa nini. Sasa nilichukua karatasi nikaandika Misa kwa mpangilio wake: wimbo wa mwanzo, Bwana utuhurumie, Utukufu, wimbo wa katikati, Aleluya, vipaji, Mtakatifu, Mwanakondoo, Komunyo, shukrani, wimbo wa mwisho. Pembeni ya kila kimoja nikaandika gitaa linafanya nini. Mara nyingi jibu lilikuwa: linasindikiza. Mara chache: linashangilia. Mara moja au mbili: linatulia kabisa, noti moja moja. Basi mahitaji yote yakawa sauti nne.

SAFI unaijua. ZABURI ni SAFI iliyopunguzwa ukali zaidi na kuondolewa korasi, maana pale anaimba mtu mmoja na zaburi ni Neno la Mungu. Gitaa linampa mwimbaji noti ya kuanzia na kumshikia kiitikio, halimshindanii. SHANGWE ni ya Utukufu na wimbo wa mwisho: imewaka zaidi, ina ukwaruzo kidogo sana, na inafaa zile nyimbo zetu zenye mwendo wa rumba ambapo gitaa linachezacheza juu ya ngoma na kayamba. Na KOMUNYO ina dilei ya mbali na pedali ya volyumu, ili noti ziingie taratibu bila kusikika zimekwanguliwa.

Nne tu. Wakati mwingine vijana wananiambia ni chache mno. Mimi nawaambia wawafikirie kina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Hawakuwa na priseti 198. Walikuwa na gitaa, amplifaya, na vidole, na mpaka leo ukilisikia lile gitaa kwenye redio unajua ni nani. Ukikwangua karibu na daraja la gitaa sauti inakuwa kali, ukisogea kuelekea shingoni inakuwa laini. Ukishusha kitasa cha volyumu cha gitaa lenyewe, SHANGWE inageuka kuwa karibu SAFI bila kukanyaga chochote. Priseti hizo za vidoleni hazijazwi na hazifutiki.

Mpangilio wa namba nao una akili yake, na akili hiyo imetokana na ile aibu ya Pentekoste. Mashine yangu inapanda na kushuka kwa pedali mbili tu, kwa hiyo kinachokuhukumu ukikosea ni jirani. Nimezipanga hivi: namba 10 SAFI, 11 ZABURI, 12 SAFI, 13 SHANGWE, 14 SAFI, 15 KOMUNYO, 16 SAFI. Umeona? Kila sauti maalumu imekaa katikati ya SAFI mbili. Nikikanyaga vibaya natua mahali salama, na msikilizaji hajui. Na kwa nini nimeanzia 10 badala ya 1? Kwa sababu ukishuka chini ya namba 1 unaingia kwenye priseti za kiwandani, na huko huwezi kujua utakutana na nini. Nafasi 1 hadi 9 nimezijaza SAFI, na kuanzia 17 kwenda juu nimejaza SAFI nyingi kuliko mtu mwenye akili timamu anavyohitaji. Hata nikiteleza na kiatu, nitateleza juu ya SAFI.

Katikati ya wimbo sibadilishi priseti. Mashine nyingi zikihama kutoka priseti moja kwenda nyingine sauti hukatika kidogo, na mwangwi uliokuwa unaendelea unakatwa kama kwa mkasi. Nikitaka kujitokeza kwenye kipande kifupi, ndani ya SHANGWE nimeiwekea ile pedali ya tatu kazi moja tu: kuongeza volyumu kwa desibeli 3. Inatosha. Ukiona desibeli 3 hazitoshi, wa kupunguza ni wewe kwenye usindikizaji, siyo wa kuongeza kwenye solo.

Usisahau kusawazisha volyumu za priseti zako zote. Sauti yenye ukwaruzo imebanwa kwa asili, kwa hiyo taa za mashine zinaweza kuonyesha ziko sawa na SAFI huku sikio linasikia nyingine kabisa. Sawazisha kwa sikio, kwaya ikiwa inaimba. Na ukimaliza bonyeza kitufe cha kuhifadhi! Nimewahi kukaa Jumamosi nzima nikirekebisha, nikahama priseti bila kuhifadhi, kila kitu kikarudi kilivyokuwa. Hakuna wa kumlaumu.

Kwaresima ina ukurasa wake. Maelekezo ya jumla ya Misale ya Kirumi, namba 313, yanataka vyombo katika Kwaresima vipigwe kwa ajili ya kusindikiza kuimba tu, isipokuwa Dominika ya 4 ya Kwaresima, sherehe na sikukuu. Kwa Majilio yanataka kiasi, ili furaha yote ya Noeli isimalizwe kabla ya siku yake. Kwa hiyo Jumatano ya Majivu nafungua kompyuta, naondoa SHANGWE na KOMUNYO kwenye mashine, mahali pake naweka SAFI. Siziachi mguuni kwa kujiamini, maana najijua. Usiku wa Pasaka, kabla ya mkesha, narudisha SHANGWE, na ule Utukufu unapoanza kengele zikilia, mkono unatetemeka kweli.

Kitu kimoja cha mwisho cha kiufundi, kwa sababu kinawasumbua wengi kuliko vyote. Modela inahitaji kujua imechomekwa wapi. Spika halisi ya gitaa inaanza kumeza sauti zilizo juu ya hezi 5000 hivi. Ndiyo sababu gitaa la umeme likipelekwa moja kwa moja kwenye miksa bila kuigiziwa spika linalia kama nyuki kwenye kopo. Ukienda kwenye miksa, uigizaji wa spika lazima uwe umewashwa. Ukienda kwenye amplifaya ya gitaa, ambayo tayari ina spika yake, ukiuacha umewashwa unapata spika juu ya spika, na sauti inakuwa ya mtu anayeongea amejifunika blanketi. Kwenye yangu kuna chaguo moja la towe, linabadilisha priseti zote kwa pamoja: miksa na hedifoni, au aina fulani ya amplifaya. Angalia hilo kwanza kabla hujalaani priseti zako.

Hilo nililikumbuka siku ya arobaini ya yule mama. Tulisali rozari nyumbani kwake, uani, chini ya mwembe. Hapakuwa na miksa, palikuwa na amplifaya ndogo ya gitaa ya mtoto wake wa mwisho. Baada ya chai binti yake mkubwa akaniambia, "Kaka, nasikia kuna kitu ulimtengenezea mama hukukipiga." Sijui mwalimu alimwambia lini. Nikainama, nikabadilisha towe kutoka miksa kwenda amplifaya ndogo, nikapanda kwa pedali hadi namba 40, nafasi pekee ambayo sikuijaza SAFI. Mwalimu wa kwaya alikuwa amekaa kwenye mkeka na kikombe chake. Akakiweka chini, akaniambia, "Haya. Sasa piga."